Kijana Akitaka Kwenda Kituoni Mwenyewe

Wizi wa mraibu wa unga, yaani heroini, huanzia ndani. Kwanza hupotea mtungi wa gesi, kisha feni, kisha simu ya dada aliyekuja kutoka Pemba kusalimia. Mama hunyamaza kwa kuwaonea haya majirani. Vya ndani vikimalizika, kijana hutoka nje, na hapo kosa hubadilika jina. Simu iliyochukuliwa mezani ni wizi. Simu iliyonyakuliwa kwa kumsukuma mwenyewe au kumtishia kisu ni unyang'anyi, hata ikiwa ya bei ndogo, kwa sababu kinachotofautisha makosa haya ni nguvu au vitisho. Hata aliyeiba kimya kimya, mwenye mali akamkuta, naye akampiga ili aondoke nayo, amekwisha kuingia kwenye unyang'anyi. Wengi hawalijui hilo mpaka shitaka linaposomwa.

Kinachomsukuma ni arosto, maumivu ya kukosa unga. Heroini ikikosekana kwa saa 6 hadi 12 hivi, huanza miayo, makamasi, machozi na jasho. Baadaye tumbo huendesha, hutapika, na mifupa humuuma asipate usingizi. Kilele chake mara nyingi ni siku ya 2 au ya 3, na mengi hupungua ndani ya wiki. Katika hali hiyo hatafuti starehe tena, anatafuta kete ya kumwezesha kusimama. Ndiyo maana uporaji wake hauna hesabu: anapora mchana, jirani na maskani yake, mbele ya watu waliomjua tangu yuko chuoni anasoma juzuu.

Kueleza hivi si kumtetea. Mwanamke aliyeburutwa na bodaboda kwa ajili ya mkoba wake hana haja na habari za arosto ya mtu, na mahakama nayo haiihesabu kuwa ruhusa ya kupora. Itakapofaa ni wakati wa kupima adhabu, wakili akiieleza pamoja na ushahidi kwamba kijana ameanza matibabu.

Wapo wanaotaka kujisalimisha polisi. Wengine wamechoka, wengine wanawaogopa watu wa mtaani wenye marungu kuliko askari. Anayetaka kwenda asizuiwe. Ninachosisitiza ni namna ya kwenda, maana hapo ndipo mambo mengi huharibika.

Kukiri kunakofaa kisheria ni kwa hiari. Kukipatikana kwa kipigo, kwa vitisho, au kwa ahadi ya mwenye mamlaka kwamba "sema tu, jioni utalala kwenu", hiari hiyo haipo. Kabla ya kuandika maelezo ya onyo, askari anatakiwa amwambie mtuhumiwa kwamba halazimiki kusema chochote, na kwamba atakachosema kinaweza kuwa ushahidi. Maelezo yakishaandikwa husomewa mwenyewe, ndipo atie saini au dole gumba. Sasa mfikirie kijana aliye kwenye kilele cha arosto. Huyu atatia saini karatasi yoyote ilimradi aachwe ajilaze. Atabeba na matukio ya wenzake wa maskani. "Niliichukua simu" itageuka "nilimpora kwa kisu" naye ataitikia ndiyo.

Karatasi ya namna hiyo haimsaidii hata mpelelezi. Mshitakiwa akiikana mahakamani kwa kudai hakuitoa kwa hiari, husikilizwa kwanza kesi ndogo ndani ya kesi kuamua kama ipokewe. Na tangu Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilipoamua kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda, 1967, msimamo uliozoeleka katika mahakama za ukanda huu ni kwamba maungamo yaliyokanwa hupokewa kwa tahadhari kubwa, na kwa kawaida hutafutwa ushahidi mwingine wa kuyatilia nguvu. Kwa hiyo askari anayemwita daktari kwanza na kuandika maelezo baadaye anamlinda mtuhumiwa, na anailinda pia haki ya aliyeporwa.

Mzazi, nenda naye mchana. Mwombe sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, au mtu mzima anayeheshimika afuatane nanyi. Ikiwa kijana anakunywa methadoni, dawa ya kuzuia arosto, katika hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, ambako huduma hiyo ilianza 2015, liseme hilo mapema na uombe liandikwe, kwa sababu dozi ni ya kila siku na akiikosa arosto itamrudia humo humo mahabusu. Zanzibar ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018. Asiye na uwezo wa wakili aulize msaada kabla ya kuandikisha maelezo. Aliye chini ya miaka 18 asihojiwe bila mzazi au mlezi.

Kurudisha mali ni vizuri, lakini hakufuti kesi. Unyang'anyi si ugomvi wa mpaka wa kiambo, wa kumalizwa kwenye baraza ya sheha kwa kupeana mikono. Na aliyeinunua simu hiyo huku akijua imeibiwa, naye ana kosa lake. Huyu husahauliwa sana, nami sijui kwa nini tunamwonea haya.

Kukiri kituoni si hukumu. Mahakamani shitaka husomwa upya na kijana huulizwa upya. Akikiri hapo mapema, mara nyingi huhesabiwa kwa upande wake. Lakini akiri alichokifanya. Kama ilikuwa wizi, asiitikie unyang'anyi kwa uchovu.

Akifungwa, unga hauishii pale kwenye lango la Chuo cha Mafunzo, kama gereza linavyoitwa Zanzibar. Mwili uliokaa miezi bila heroini hupoteza uwezo wa kuistahamili, na kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumuua siku ile ile ya kutoka. Basi familia ipange mapema nani atakwenda kumpokea, na atapelekwa kliniki au soba hausi (nyumba ya waraibu wanaoacha unga) gani kabla hajapita maskani.