Mmea kutokuwepo Dar si ushahidi kwamba hauna madhara

Msimu wa masika unapoanza na kampeni za kupanda miti zikishika kasi jijini, ofisini kwetu huletwa miche ya kila aina ili tuitambue. Juzi mkazi mmoja wa Kimara alileta mche kwenye kopo la rangi, una majani manne tu. Mbegu ilitoka nje ya nchi, ndani ya begi la ndugu yake. Tulipomweleza kwamba hilo lilihitaji kibali, akajibu kwa upole: "Huko ni joto kama hapa. Ungekuwa mti wa kuvamia, si ungeshajaa Dar zamani?"

Hoja hiyo tunaisikia mno, na tunaomba iachwe. Kiumbe haishi kila mahali panapomfaa. Huishi alikoweza kufika.

Mtazame kunguru mwenye shingo ya kijivu anayegombania mabaki ya samaki pale Feri. Asili yake ni Asia ya Kusini. Joto na unyevu wa pwani yetu vilimfaa tangu enzi na enzi, ila bahari ilimzuia. Miaka ya 1890 akaletwa Zanzibar, na leo kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe, ni nadra kumwona mjini. Hali ya hewa haikuwa kizuizi hata siku moja.

Huko Ulaya, uchunguzi wa aina 55 za miti uliochapishwa 2004 ulionyesha kuwa kwa wastani kila aina imejaza takriban asilimia 38 tu ya eneo ambalo hali ya hewa ingeiruhusu kuota.

Wala kusema "ni mti wa Tanzania" hakutoshi. Musizi ni wa asili maeneo ya Ziwa Victoria. Ulipopandwa Amani, Usambara Mashariki, ndege aina ya hondohondo walikula matunda yake wakadondosha mbegu msituni, nao ukaenea kila palipokatwa miti.

Kuna na kinyume chake: hali ya hewa yaweza kufaa mahali pengi, ila kiumbe akategemea kitu kilichopo mahali pamoja tu. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa 1996, aliishi kwenye hekta chache tu zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, na 2009 akatangazwa kutoweka porini. Hakuna ramani ya mvua na joto ambayo ingemwonyesha mtu kwamba makazi yake yote ni pale tu.

Sasa utaratibu. Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, kibali cha kuingiza mmea au mbegu huombwa kabla mzigo haujaondoka nchi unakotoka, si ukishafika hapa. Kisha mamlaka ya nchi hiyo hutoa cheti cha usafi wa mimea, yaani hati kwamba mzigo umekaguliwa na hauna wadudu wala magonjwa ya mimea. Bandarini au uwanja wa ndege, mkaguzi hulinganisha nyaraka na mzigo wenyewe. Zikipungua, mzigo waweza kuzuiwa, kurudishwa au kuteketezwa kwa gharama za mwenyewe, na bado akafikishwa mahakamani. Mbegu tatu mfukoni nazo ni mzigo.

Aliyekwisha kupanda asiung'oe na kuutupa mtaroni, maana mvua za sasa zitazifikisha mbegu hadi Bonde la Msimbazi. Aufunge kwenye mfuko pamoja na udongo wake, auandike ulikotoka, atuletee. Tutauliza maswali, lakini kwanza tutaupokea.