Je, fimbo ya grafaiti huongeza shabaha?

Kwenye meza za pool kuanzia Kisauni hadi Likoni, hapa Mombasa, wengi huamini kwamba fimbo ya grafaiti au nyuzi za kaboni hupiga kwa nguvu na shabaha kuliko ya mbao. Imani hii ina chimbuko la kweli: mbao hunyonya unyevu, na hewa ya pwani inao mwingi. Fimbo ya mbao iliyoegemezwa ukutani masika nzima yaweza kupinda; ya kaboni haiathiriki hivyo.

Lakini kunyooka ni jambo moja, shabaha ni jingine. Kinachogusa mpira mweupe ni ncha ya ngozi, yenye upana wa milimita 12 hadi 13 hivi, na ngozi hiyo hutumika kwenye fimbo zote mbili. Nguvu hutoka kwenye mkono wako na uzito wa fimbo. Tofauti hujitokeza ukipiga mpira upande ili uzunguke. Hapo mpira hukengeuka kidogo, na fimbo nyepesi sehemu ya mbele hupunguza mkengeuko huo. Kaboni husaidia, ila zipo pia za mbao zilizotobolewa ndani kwa lengo hilo hilo, na mimi naziheshimu sana.

Azima zote mbili ujaribu. Piga mpira katikati, kisha upande, ukilenga alama moja ukingoni. Kukagua kupinda, kuviringisha mezani hakutoshi: inua fimbo, funga jicho moja, itazame kutoka kitako hadi ncha huku ukiizungusha.