Mlipuko Mkubwa haukutungwa na wapinga Mungu

Kijiweni kwetu Mwanga, hapa Kigoma, ukitaka kahawa ipoe vikombeni we taja tu Mlipuko Mkubwa, ile nadharia kwamba ulimwengu ulianza umesongamana na wa moto ajabu halafu ukatanuka. Mzee fundi baiskeli ataweka spana chini aseme hiyo waliitunga wasioamini ili wamtoe Muumba kazini, na dogo wa kutengeneza simu atadakia ndo maana sayansi imeishinda dini, na wote wamekosea palepale.

Aliyeleta wazo ni padri jamani. Padri Mkatoliki kabisa, Georges Lemaître wa Ubelgiji, 1927 alizichukua hesabu za Einstein akaona ulimwengu unatanuka, na Einstein mwenyewe hakukubali. 1931 Lemaître akasema vyote vilianzia kwenye kitu kama atomu moja.

Na jina je? Alilitamka Fred Hoyle, mwanasayansi wa Uingereza ambaye dini wala hakuwa na habari nayo, redioni BBC mwaka 1949, tena akiwa anaipinga hiyo nadharia, yeye alitaka ulimwengu usio na mwanzo.

Mi kinachonichekesha ni 1951, Papa Pius XII aliposema sayansi imeushuhudia uumbaji, padri hakufurahi, kwake ile ilikuwa fizikia na imani ina mahali pake.

Nilivyomsimulia mzee akanyamaza kidogo, akaokota spana yake. "Sasa huyo padri misa alikuwa anasoma saa ngapi?"