Kuweka hali ya hewa kwenye simuleta ya urubani: maana yake ni nini?

Simuleta ya urubani, yaani mashine au programu inayoiga urukaji wa ndege, ikiwashwa, nje ya madirisha yake hakuna hali ya hewa iliyojileta yenyewe. Kinachokuwepo ni hewa ya kitabuni: nyuzi 15 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari, mgandamizo wa hektopaskali 1013.25, joto linalopungua karibu nyuzi 2 kwa kila futi 1,000 za kupanda, upepo sifuri, anga jeupe. Marubani huiita ISA, yaani hewa sanifu ya kimataifa, na mahesabu mengi ya uwezo wa ndege huanzia hapo. Kuikuta duniani ikiwa kamili ni nadra sana. Kuweka hali ya hewa, basi, ni kitendo cha mkufunzi kuitoa simuleta kwenye hewa hiyo na kuipa upepo, mawingu, ukungu, joto, mvua na hali ya njia ya kurukia kwa ajili ya somo analofundisha.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mwanafunzi akiona ukungu dirishani hudhani mkufunzi ameamua tu kumtesa. Mkufunzi anayeijua kazi haanzi na swali la hewa mbaya au nzuri. Huanza na jambo analotaka kulipima, kisha hutafuta tarakimu zitakazolileta mbele ya mwanafunzi. Upepo wa kasi ya noti 12 (maili za baharini kwa saa) na upepo wa noti 22 ni maswali mawili tofauti.

Simuleta kubwa za mashirika ya ndege huwa na kiti cha mkufunzi nyuma ya marubani, chenye skrini za kuendeshea zoezi zima. Kwenye programu za kompyuta ya nyumbani, kama X-Plane na Microsoft Flight Simulator, kazi hiyo hufanyika kwenye ukurasa wa menyu. Popote pale njia ni tatu. Unaweza kuchagua hali iliyotayarishwa tayari, mathalani CAVOK: umbali wa kuona kilometa 10 au zaidi, hakuna wingu la maana kwa urukaji chini ya futi 5,000 (au chini ya mwinuko salama wa eneo, kama huo ni mkubwa zaidi), hakuna wingu la radi, hakuna mvua wala ukungu. Unaweza kuingiza kila kitu kwa mkono. Au unaweza kuvuta METAR, ile taarifa ya hali ya hewa ya kiwanja, moja kwa moja kutoka kwenye intaneti. Njia hii ya tatu inapendwa sana na wanaorusha nyumbani, na kwa kujizoesha kusoma taarifa ni nzuri. Kwa somo, naiona dhaifu: hali ya leo saa nne hairudi, na mwanafunzi aliyeshindwa hawezi kurudia jaribio lilelile.

Tuanze na upepo, maana ndio unaowekwa mara nyingi na kukosewa mara nyingi. Upepo hutajwa kwa upande unakotoka, kwa hiyo 270 ni upepo wa kutoka magharibi kwenda mashariki. METAR huhesabu upande huo kwa kaskazini halisi ya ramani. Mnara wa kuongozea ndege hutoa upepo kwa kaskazini ya dira, na namba za njia za kurukia hufuata dira vilevile. Panapokuwa na tofauti ya nyuzi 15 kati ya kaskazini hizo mbili, mkufunzi anayenakili METAR kwenye simuleta inayosoma dira atapata upepo wa ubavuni ambao hakuukusudia. Kabla ya yote, jua simuleta yako inasoma kaskazini ipi.

Hesabu ya upepo wa ubavuni si ngumu. Upepo ukija kwa pembe ya nyuzi 30 na njia, nusu ya kasi yake ndiyo inayoisukuma ndege pembeni: noti 20 zinakuwa noti 10 za ubavuni. Kwa nyuzi 60, noti 20 hizohizo zinatoa karibu 17. Kwa mwanafunzi anayeanza kujifunza kutua na upepo wa pembeni, mimi ningeweka upepo usiobadilika kwanza, bila vishindo (mivumo ya ghafla), mpaka mikono na miguu yake ielewane. Vishindo na msukosuko huja baadaye. Wapo wanaopandisha kitelezi (kidhibiti cha kusogeza kwenye skrini) cha msukosuko hadi nusu tangu dakika ya kwanza kwa madai ya uhalisia. Anachojifunza mwanafunzi hapo ni kichefuchefu.

Juu ya ardhi upepo huwekwa kwa matabaka: wa chini, wa katikati, wa mwinuko wa safari. Ukiweka upepo wa chini pekee na kuyaacha matabaka mengine sifuri, ndege itashuka kutoka kwenye hewa tulivu na kukutana na noti 25 karibu na ardhi. Kwa kawaida mambo ni kinyume, upepo huongezeka kadiri unavyopanda na hugeuka kidogo upande.

Ukungu na mawingu ya chini ndiko tarakimu hufanya kazi kubwa kuliko kwingine. Kutua kwa vyombo, yaani kwa kuongozwa na vipimo vya ndege badala ya macho, kwa daraja la kwanza kuna mipaka inayojulikana: kimo cha kuamua (pale rubani asipoona taa au njia hupanda tena) kisichopungua futi 200, na umbali wa kuona kwenye njia usiopungua mita 550. Daraja la pili hushuka mpaka futi 100 na mita 300. Mwanafunzi anazikariri namba hizi. Simuleta inamwonyesha zinafananaje.

Chukua ndege ya abiria inayoshuka kwa pembe ya kawaida ya nyuzi 3. Ikifika futi 200, imebakiza takriban mita 860 kufika mwanzo wa njia. Pua ya ndege inaficha ardhi iliyo karibu, kwa hiyo mita 200 na zaidi za kwanza hazionekani kabisa. Ukiwa umeweka mita 550, anachobaki nacho rubani ni kipande cha ardhi cha kama mita 300, na chote kimo ndani ya safu ya taa za kuongozea, ambayo kwa mpangilio kamili huwa na urefu wa mita 900. Lami nayo haionekani hata kidogo. Anatakiwa aamue kuendelea au kupanda tena kwa kutazama taa chache, ndani ya sekunde mbili tatu. Sasa pandisha hadi mita 800: ncha ya anachokiona inakaribia mwanzo wa njia bila kuufikia. Weka mita 1,200 na njia inajitokeza mbele yake. Zoezi ni moja, ndege ni moja, na mkufunzi amebadilisha namba moja tu, lakini masomo yamekuwa matatu.

Ukishuka chini ya mita 550 swali linageuka kabisa. Kwa kanuni za nchi nyingi, taarifa ya uoni ikiwa chini ya kiwango kabla ndege haijafika hatua fulani ya ushukaji, mara nyingi futi 1,000 juu ya kiwanja, rubani haruhusiwi kuendelea. Mkufunzi akitangaza mita 500 mapema anapima kama kanuni iko kichwani. Akitangaza 600, kisha akaishusha chini ya kiwango ndege ikiwa imeshapita hatua hiyo, anapima kitu kingine.

Dari la mawingu, yaani kimo cha upande wao wa chini, nalo lina ujanja wake. Ukitaka mwanafunzi apande tena, usiweke dari futi 200 barabara. Picha ya simuleta huwa na ukingo wa wingu usio dhahiri, na mtabishana baadaye kama aliona au hakuona. Weka futi 100. Ukitaka atue, weka 300. Tena angalia kimo hicho kinahesabiwa kutoka wapi. METAR huhesabu kutoka uwanjani, lakini baadhi ya simuleta huhesabu kutoka usawa wa bahari. Kwenye kiwanja kilicho futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, dari la futi 3,000 lililoingizwa hivyo litakuwa chini ya ardhi, na mwanafunzi atapaa katika anga safi akishangaa ule utabiri wa mawingu ulitoka wapi.

Jambo ambalo mashine nyingi hazikusaidii ni kuoanisha vitu hivi. Ukiiambia iweke theluji kwenye nyuzi 20, nyingi zitaweka. Ukungu mzito pamoja na upepo wa noti 30, zitaweka pia, ingawa upepo wa namna hiyo kwa kawaida huuchanachana ukungu au kuuinua uwe wingu. Ukungu huhitaji joto la hewa na kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wa hewani huanza kuwa matone) viwe karibu sawa. Kwa hiyo mwanafunzi aliyesomeshwa vizuri akisikia kwenye taarifa joto nyuzi 22 na umande nyuzi 9, halafu akakuta uoni wa mita 400, ana haki ya kuuliza. Kosa hili linaonekana dogo, lakini tunamfundisha mtu kusoma dalili. Hali isiyo na mantiki inamzoesha kutozisoma.

Kiini cha kazi hii ni cha zamani kama simuleta zenyewe. Mmarekani Edwin Link alitengeneza mashine yake ya kufundishia urubani mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miaka kadhaa haikushtua wengi. Mwaka 1934 jeshi la anga la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua, likapoteza marubani kadhaa waliorushwa kwenye hewa mbaya bila uzoefu wa kutosha wa kutegemea vyombo. Baada ya hapo ndipo jeshi likanunua mashine za Link. Soko la simuleta, kwa maneno mengine, lilifunguliwa na mawingu.

Sura nyingine ilikuja na mabadiliko ya ghafla ya upepo. Tarehe 24 Juni 1975 ndege ya shirika la Eastern ilianguka ikikaribia kutua New York katika mvua ya radi na kuua zaidi ya watu 110. Mwanasayansi Ted Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeichunguza ajali hiyo, alieleza juu ya mkondo wa hewa unaoporomoka kutoka kwenye wingu, kugonga ardhi na kutawanyika pande zote. Tarehe 2 Agosti 1985 ndege ya shirika la Delta ilipatwa na jambo hilohilo ikikaribia kutua Dallas, na zaidi ya watu 130 wakafa. Mwaka 1987 Marekani ikatoa mwongozo maalumu wa mafunzo ya kukabili hali hii, na ajali za namna hiyo zimekuwa chimbuko la mifano ya upepo inayotumika kwenye simuleta.

Ndiyo maana kwenye skrini ya mkufunzi hali hii haiwekwi kwa kitelezi. Huchaguliwa ikiwa imetengenezwa tayari. Mpangilio wake ni mtego. Kwanza upepo wa mbele unaongezeka na kasi ya ndege inapanda, na mwanafunzi anashawishika kupunguza nguvu za injini. Sekunde chache baadaye hewa inaporomoka juu yake, kisha upepo unakuja kutoka nyuma na kasi inayeyuka. Jibu ni nguvu kamili, pua juu, na kutogusa magurudumu wala mabawa ya ziada (vipande vinavyotokezwa kwenye mabawa wakati wa kupaa na kutua) mpaka hatari ipite. Usimwambie itatokea lini, ila mpe dalili za haki: wingu la radi kwenye rada, mvua karibu na njia, taarifa ya ndege iliyotangulia.

Joto na mgandamizo huonekana havina mvuto, na wakufunzi wengi huviacha vilivyo. Ni hasara. Kiwanja kilicho kwenye mwinuko wa futi 5,000 kikiwa na nyuzi 30 kinaipa ndege hewa nyepesi kama ya futi 8,000 hivi. Ndege ndogo iliyojaa itakimbia sana kabla ya kupaa na kupanda kwa kusuasua. Kuhusu mgandamizo, karibu na usawa wa bahari hektopaskali moja ni takriban futi 27. Weka 993, na mwanafunzi aliyesahau kurekebisha altimeta (kipimo cha mwinuko) kutoka 1013 atakuwa chini kwa zaidi ya futi 500 kuliko anavyosoma. Usiubadilishe ghafla akiwa angani, kwani altimeta itaruka na rubani wa otomatiki ataifuata.

Hali ya njia ya kurukia, kavu, yenye maji, yenye theluji au barafu, huwekwa kando na mvua kwenye simuleta nyingi. Unaweza kuwa na mvua kubwa na lami kavu kabisa, ukisahau.

Barafu ya kwenye mabawa huigwa kwa kuongeza uzito na ukinzani na kupunguza uwezo wa kuelea. Inatosha kumfundisha kutambua kasi inayopungua na kuwasha vifaa vya kuyeyusha barafu. Haitoshi kumwaminisha kwamba ndege halisi itatenda hivyohivyo, kwa sababu barafu halisi hushika bila mpangilio.

Ukipata mchanganyiko unaofaa kwa somo, uhifadhi kwa jina linaloeleweka ili mwanafunzi anayefuata apewe mtihani uleule. Na kabla ya kutoka rudisha simuleta kwenye hewa ya kitabuni, kwani anayeingia baada yako huenda amepanga somo la kwanza la kupaa, naye hatajua kwamba umemwachia barafu njiani.