Mnamtoa aliyetukana, mnamwacha aliyeanza

Jamani hii kauli ya "mtoe mkorofi mmoja grupu litulie" nimechoka kuisikia. Kazi yangu ni kusimamia magrupu na kurasa za watu, nasoma komenti kutwa nzima, na huyo mnayemtoa mara nyingi ndo wa mwisho kuchafua hali ya hewa, siyo wa kwanza.

Chukua grupu la wafugaji wa kuku. Mtu anaandika, "Habari wadau, vifaranga wangu wana wiki moja, naomba kujua chanjo ya kideri nawapaje?" Anajibiwa, "Kwani ulikonunua hawakukuambia?" Hakuna tusi hapo, admini anapita zake. Mwenye swali anasema nimeuliza tu mkuu. Anarudishiwa, "Sasa wewe unaanzaje kufuga hata chanjo hujui?" Wa tatu anamwaga emoji za kucheka, wa nne anasema ndo maana kuku wenu wanakufa, na yule aliyeingia na habari wadau anaporomosha tusi la mama. Anatolewa yeye! Waliobaki wanapongezana, na swali la kideri mpaka leo halijajibiwa.

Mambo yaligeuka kwenye lile jibu la kwanza, swali lilipoacha kuku likamgeukia mtu. Na hili wameshalipima. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell wakishirikiana na Jigsaw, ya Google, na Wikimedia, taasisi inayoendesha Wikipedia, walichukua mijadala ya wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza iliyoanza kistaarabu, wakaangalia komenti mbili za mwanzo tu. Iliyoishia kushambuliana ilikuwa na maswali ya kumkabili mtu na sentensi za kuanza na "wewe", iliyosalimika ilikuwa na salamu, shukrani na lugha ya kutojifanya unajua yote. Watu walioambiwa wabashiri ipi itaharibika walipatia kama 72 kati ya 100, kompyuta kama 62, na ukibahatisha unapata 50.

Na hao "wakorofi wa kuzaliwa" mnaowatafuta, mwaka 2017 Stanford na Cornell waliwapa watu mtihani, wengine mwepesi wengine mgumu, kisha wakawaacha wakomenti kwenye makala. Waliofanya mwepesi na kukuta komenti za kawaida, asilimia 35 waliandika ukorofi. Waliofanya mgumu na kukuta komenti chafu zimeshatangulia, asilimia 68. Watu wa kawaida tu, wamechoka, wamekuta mwenzao kashatukana. Kwa hiyo komenti ya kwanza chafu ukiiacha juu nusu saa unawaharibia na wengine, ifute mapema, hapo sina mjadala.

Ninapokwama ni kwenye Kiswahili chetu. Ile Wikipedia ni ya Kiingereza, salamu kule ni dalili nzuri, huku kwetu salamu ni lazima na inaweza kubeba kisu. "Shikamoo mzee, naona wewe ndo mtaalamu wetu" ina heshima yote kwenye karatasi, na kila aliyemo kwenye grupu anajua vita imeshatangazwa. Alafu kuna utani, Mchaga na Mpare wakianza kuitana majina utasema wanararuana kumbe ndo wanapendana, mpaka siku mmoja kaamka vibaya na maneno yaleyale yanageuka matusi. Kwa hiyo mimi siangalii adabu ya maneno, naangalia kama bado wanaongelea kuku. Kwenye utani hata hiyo haitoshi, pale nasubiri nione anayetaniwa anajibu nini.