Ulaji wa mafuta: kwa nini gari dogo la zamani huanza kubugia

Ulaji wa mafuta ni kiasi cha mafuta ambacho gari linatumia kwa umbali fulani. Wengi wetu tunautaja kwa kilomita: "gari langu linakwenda kilomita 12 kwa lita." Njia ya pili ni kutaja lita kwa kila kilomita 100, na binafsi naipenda zaidi hii, kwa sababu ile ya kwanza ina mtego. Gari lililokuwa likienda kilomita 8 kwa lita likifikishwa 10, limeokoa lita 2.5 katika kila kilomita 100. Lililokuwa likienda 14 likifikishwa 16, limeokoa lita 0.9 tu. Nyongeza ni ileile ya kilomita mbili, ila kinachobaki mfukoni hakilingani hata kidogo. Kwa mwenye gari kuukuu hii ni habari njema: kadiri gari lilivyoharibika, ndivyo matengenezo ya mwanzo yanavyolipa.

Kabla ya kutengeneza chochote, pima. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, endesha kama kawaida yako mpaka tangi lifike karibu robo, kisha jaza tena mpaka pampu ijikate. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo ulizotumia. Zigawe kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa 100. Tangi moja halitoshi kukupa jibu, maana pampu haikati palepale kila siku, na gari likiegeshwa mahali penye mwinamo tangi hupokea zaidi au pungufu. Pima matangi matatu mfululizo uchukue wastani. Mshale wa mafuta usiuhesabu kabisa.

Kuna jambo dogo linalowapoteza wengi hapa. Kama gari limefungwa matairi ya saizi tofauti na iliyopendekezwa, hata kilomita za dashibodi si za kweli. Tairi la 185/65R14 lina kipenyo kinachozidi cha 175/65R14 kwa asilimia 2 na ushee. Ukilifunga badala ya lile dogo, gari linatembea zaidi ya linavyohesabu, na wewe utadhani limeanza kubugia.

Sasa mafuta yenyewe yanakwenda wapi? Katika petroli inayoungua ndani ya injini, takribani robo tu ya nishati ndiyo inayofika kwenye magurudumu, na kwenye foleni za mjini hupungua zaidi. Sehemu kubwa inatoka kama joto kupitia rejeta na ekzosti. Ile inayofika kwenye magurudumu inamalizwa na upepo unaolizuia gari, na matairi yanayobonyea kila yanapozunguka, na breki.

Miaka haibadilishi mambo hayo ya msingi. Gari dogo lililotoka kiwandani likiwa jepesi na lenye injini ndogo bado ni jepesi na injini bado ni ndogo. Kwa hiyo mtu akikwambia gari linakula sana kwa sababu ni la zamani, hajakwambia kitu. Linakula kwa sababu kuna kifaa fulani kimeacha kufanya kazi yake, na mara nyingi taa ya chekinjini haiwaki. Kazi yako ni kukitafuta kifaa hicho.

Mahali pa kuanzia ni mchanganyiko wa hewa na petroli. Ili petroli iungue yote bila hewa kubaki, kila kilo moja inahitaji takribani kilo 14.7 za hewa. Ukiipima kwa ujazo, lita moja ya petroli inataka karibu mita 9 za ujazo za hewa. Kwenye kabureta, kifaa cha magari ya zamani kinachochanganya petroli na hewa bila kompyuta, uwiano huo unapangwa kwa jeti (vitundu vya kupitishia petroli) na skrubu. Kwenye injini ya injekta, yaani inayonyunyiziwa petroli, unapangwa na kompyuta, ile ambayo mafundi wengi huiita kontrol boksi, nayo haina macho: inaamini inachoambiwa na sensa, vifaa vidogo vinavyoipimia hali ya injini. Ikidanganywa, itamwaga petroli ya ziada siku baada ya siku ikidhani inafanya sawasawa.

Uongo unaopatikana kirahisi zaidi ni wa baridi. Injini ikiwa baridi kompyuta huongeza petroli kwa makusudi, kwa sababu mvuke wa petroli hautengenezeki vizuri kwenye chuma baridi. Injini ikishapata moto nyongeza hiyo inaondolewa. Kifaa kinachoisaidia injini kupata moto haraka ni thamostati, vali ndogo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie nyuzi joto 82 hadi 90 hivi, kutegemea gari. Ikikwama ikiwa wazi, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, na injini inaweza kutembea safari nzima bila kufika kwenye joto lake. Dereva hashituki, maana gari halichemshi. Linakula tu. Kibaya zaidi, wapo mafundi wanaoing'oa kabisa kama dawa ya gari linalochemsha. Gari linaacha kuchemsha kweli, ugonjwa uliosababisha kuchemsha unabaki palepale, na mwenye gari analipia dawa hiyo kila anapojaza mafuta.

Kuikagua hakuhitaji mashine. Asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, iwashe kisha shika hozi ya juu inayoingia kwenye rejeta, ukijihadhari na feni na mikanda. Inatakiwa ibaki ya baridi au vuguvugu kwa dakika kadhaa, halafu ghafla ishike moto pale thamostati inapofunguka. Kama inapata joto polepole pamoja na injini tangu mwanzo, thamostati imekwama wazi au haipo. Dalili nyingine ni mshale wa joto unaopanda mjini na kushuka ukishika barabara ya mwendo kasi.

Uongo wa pili unatoka kwenye sensa ya oksijeni. Hii hukaa kwenye ekzosti na kunusa moshi: oksijeni ikibaki nyingi, inaiambia kompyuta kwamba petroli ni chache; oksijeni ikiwa haba, inaiambia petroli imezidi. Zile za kawaida kwenye magari ya zamani hutoa umeme unaopanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 hivi, bila kutulia. Zikizeeka huwa nzito kujibu, au hung'ang'ania chini, na kompyuta inaelewa kwamba petroli ni chache hata kama imejaa tele. Tundu dogo la ekzosti kabla ya sensa linaweza kuleta balaa hilohilo, kwa sababu linanyonya hewa ya nje na sensa inainusa kana kwamba imetoka kwenye injini. Usikimbilie kununua sensa mpya kabla hujasikiliza kama ekzosti inavuja.

Magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 yana tundu la kuchomekea mashine ya kusomea kompyuta, chini ya dashibodi upande wa dereva. Mwambie fundi asiishie kusoma misimbo ya makosa. Aangalie joto la maji gari likiwa limetembea, na asilimia ya marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta imejiwekea. Asilimia hiyo ikizidi 10, iwe ya kuongeza au ya kupunguza, kompyuta inafidia kasoro iliyoko mahali fulani. Gari lisilo na tundu hilo, fungua plagi. Ncha yenye rangi ya kahawia iliyopauka ni ya injini inayopata kiasi chake. Masizi meusi makavu maana yake petroli imezidi.

Baada ya hapo, breki. Naziweka mbele ya vitu vingi vinavyotajwa sana kwa sababu breki inayobana kidogo inaweza kuishi na gari miaka bila dereva kujua. Anazoea kukanyaga mafuta zaidi na kudhani injini imechoka. Endesha kilomita chache mahali pasipo na foleni, ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, kisha acha gari lipunguze mwendo lenyewe mpaka lisimame. Shuka usogeze kiganja karibu na kila rimu, bila kuigusa. Magurudumu ya ekseli moja yanatakiwa yalingane joto. Likiwepo moja linalochoma kuliko mwenzake, umempata mwizi. Mara nyingi ni pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) zilizoshika kutu kwa kukosa grisi, au waya wa breki ya mkono usiorudi mpaka mwisho. Gurudumu hilo likinyanyuliwa kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono, litasimama karibu papo hapo. Mkwaruzo mwepesi wa pedi ni wa kawaida. Kusimama ghafla si kawaida.

Upepo wa matairi kila mtu anaujua, ila wengi wanasoma namba isiyo yake. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, haisemi gari lako linataka ngapi. Ya gari iko kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na hupimwa tairi likiwa limepoa. Tairi likiliwa upande mmoja, kapime alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, kwa maana linaburutwa.

Oili nayo ina mchango wake. Gari lililoandikiwa 5W-30 likitiwa 20W-50 "kwa sababu injini imezeeka" linakuwa na kazi ya ziada ya kusukuma oili nzito, na ulaji unaongezeka kwa asilimia moja au mbili. Kama injini haichomi oili, hakuna sababu ya kupanda. Eya klina chafu ni hadithi tofauti. Imesemwa mno kwamba ndiyo chanzo kikuu cha ulaji, lakini majaribio ya maabara ya Oak Ridge ya Marekani, yaliyotolewa mwaka 2009, yalionyesha kwamba kwenye injini za injekta eya klina iliyoziba hupunguza nguvu ya gari, huku ulaji ukibaki karibu vilevile, kwa sababu kompyuta inapunguza petroli kulingana na hewa iliyoingia. Kwenye kabureta ndiko inakoongeza ulaji. Ibadilishe kwa ajili ya afya ya injini, usisubiri muujiza kwenye pampu.

Kama gari lako ni otomatiki la gia nne, tazama dashibodi kama kuna taa ya O/D OFF inayowaka. Kitufe chake kipo kwenye gia, mahali ambapo kidole gumba kinatua chenyewe, na wapo wanaokibonyeza bila kujua. Kikiwa kimezima ovadraivu, gari halipandi gia ya nne, na injini inazunguka kwa kasi isiyo na sababu safari nzima. Matengenezo yake ni kubonyeza tena.

Upande wa dereva, kitu kizito kuliko vyote ni mwendo. Nguvu ya upepo unaolizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 110 kwa saa, inakaribia kuwa maradufu. Kwenye gari dogo lenye keria juu ya paa hali ni mbaya zaidi, na keria tupu bado inakula. Ifungue kama hubebi kitu.

Cha pili ni kutazama mbele. Kila unapokanyaga breki unageuza petroli uliyokwisha kuinunua kuwa joto, kwa hiyo ukiona taa nyekundu mbali, toa mguu mapema. Hapa kuna ubishi wa kudumu juu ya kuweka nyutro kwenye mteremko. Kwenye injini ya injekta, ukitoa mguu gari likiwa kwenye gia, kompyuta inakata petroli kabisa kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro injini inalazimika kujilisha ili isizime. Kwa hiyo kwenye mteremko mrefu anayeweka nyutro anatumia mafuta zaidi, na juu ya hayo amejinyima breki ya injini. Kwenye kabureta nyingi petroli haikatwi namna hiyo, lakini hoja ya usalama inabaki.

Safari fupi fupi nazo zinakula sana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu injini inazimwa kabla haijapata moto. Ukiweza kuziunganisha shughuli tatu ziwe safari moja, umefanya zaidi ya plagi mpya.

Na sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge vya kutia kwenye tangi, vifaa vya kuchomeka kwenye soketi ya sigara? Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na halijapata kimoja kinachopunguza ulaji kwa kiasi cha maana. Petroli ya okteni ya juu kuliko inayotajwa kwenye kitabu cha gari nayo haina unachopata. Okteni inazuia petroli isijiwashe kabla ya wakati, haiongezi nguvu ndani ya lita.

Ikiwa umepitia yote haya na bado hesabu haishuki, mwambie fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya kila silinda. Ikiwa zote ziko chini sana ya kiwango cha kitabu, au ekzosti inatoa moshi wa bluu, ringi au vali zimekwisha na hakuna sensa itakayoziokoa. Hapo piga hesabu kabla ya kukubali kufungua injini. Mtu anayetembea kilomita 10,000 kwa mwaka, akipunguza lita moja na nusu katika kila 100, anaokoa lita 150 kwa mwaka. Zidisha lita hizo kwa bei unayonunulia na kwa miaka unayotegemea kubaki na gari, ulinganishe na bei aliyotaja fundi. Mara nyingi bei ya fundi ndiyo itakayokuwa kubwa, isipokuwa injini iwe inamaliza na oili pia.