Treni si lazima isimame pale tiketi yako inapoishia

Abiria wengi wa treni Uingereza bado wanaambiana hivi: ukiwa na tiketi ya msimu, ile ya wiki, mwezi au mwaka, na unataka kuvuka eneo lake, basi ushuke kituo cha mpakani ukaanze safari upya, au angalau upande treni inayosimama hapo. Si kweli.

Chukua mtu wa London mwenye Travelcard, yaani tiketi ya msimu ya usafiri wa jiji hilo, ya kanda za nauli 1 hadi 6, anayekwenda Brighton, mji wa pwani. Kituo cha mwisho ambacho tiketi yake inafika njia hiyo ni Coulsdon South, na treni nyingi za haraka hukipita bila kusimama. Akinunua tiketi ya kuanzia mpaka wa kanda ya 6 hadi Brighton, anakaa kitini mpaka baharini.

Chimbuko la uvumi linaeleweka. Masharti ya Usafiri ya National Rail, mtandao wa treni za abiria nchini humo, kifungu cha 14, yanataka treni isimame pale unapobadilisha tiketi mbili za kawaida. Lakini kifungu hichohicho kinaiondoa tiketi ya msimu kwenye sharti hilo: mradi ya pili inaanzia pale ya kwanza inapoishia, basi. Watu hukariri nusu ya kwanza tu.

Ila tiketi hiyo ya pili inunuliwe kabla ya kupanda. Ukikamatwa bila hiyo, nchini England faini ni pauni 100 pamoja na nauli, na hoja ya kifungu cha 14 haitakufaa.